Gari la Baba Katika Kiwanja cha Vulamba

Dada yangu mkubwa alifika kutoka Mbau akiwa na godoro na sufuria. Alikuwa amekwisha kukimbia vita mara nyingi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu hapa Vulamba, akavua viatu, akaomba maji. Nyumba ilikuwa imejaa ndugu wengine waliokimbia kama yeye. Nafasi ya kumjengea chumba ilikuwa moja tu, pale gari la marehemu baba liliposimama tangu tulipokuwa wasichana.

Lilitengenezwa kabla ya vita kuu ya pili ya Wazungu. Baba alilinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, akabeba nalo viazi kutoka Kayna katika matope ambayo leo yanalaza malori mapya. Ukilipiga ngumi, unaumia wewe. Shasi yake, mifupa inayobeba gari, ni vyuma viwili vinene, na resori zake, yaani springi, zimepangwa bamba juu ya bamba. Baba aliliwasha kwa kuzungusha manivele, mkono wa chuma unaoingizwa mbele. Ukifungua kapo, kifuniko cha injini, unaona kila kitu, na mkono wako unafika.

Niliita vijana wanaonunua vyuma vikuukuu. Walikata kwa msumeno asubuhi nzima, wakatoa kipande cha bati la juu ya gurudumu. Kwenye shasi meno ya msumeno yakaisha.

"Mama, hii hapana gari, hii ni daraja," mmoja akasema. Wakaahidi kurudi na gesi ya kukatia. Hawakurudi.

Nilikuwa nimechoka, na si kwa sababu ya gari. "Yaya," nikamwambia dada, "tutatafuta fasi ingine."

"Fasi gani? Tulisukume tu."

Tuliazima jeki kwa jirani. Dada aligongagonga kifuniko cha katikati ya gurudumu hadi kikatoka. Grisi aliyoitia baba ilikuwa bado imo, ngumu juu, laini ndani. Aliisugua katikati ya vidole kwa muda mrefu. Kisha akashika gurudumu kwa mikono miwili. Lililia, halafu likazunguka.

Wanakwaya wa kanisa letu walikuja wakasukuma nasi. Mipira ya magurudumu ilikuwa imeoza, gari likatembea juu ya chuma kitupu mpaka pembeni, kwenye ua. Dada akaingia, akakaa mahali pa dereva.

"Yenyewe hapana choka," nikasema juu ya gari.

"Itachoka namna gani? Miaka yote iko inalala."

Tulicheka kidogo. Nilipomletea chai, nilimkuta amelala palepale, mdomo wazi, jua likimpiga usoni. Nikafunika dirisha kwa kitenge changu, chai nikainywa mwenyewe.

Chumba chake kimekwisha sasa. Kila anapoamka ananiambia kwamba barabara ya Mbau ikitulia, atarudi kwenye shamba lake la kakao. Mimi namwitikia tu. Kubishana naye kunataka nguvu, na nguvu hiyo sina.