Salamu za Bi Hind

Mbeyu alizijua nyumba za kuingia kwa kutazama viatu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale milango mingi hufungwa mchana kutwa, na muuzaji anayebisha hodi na mkoba begani huulizwa kwanza na sauti ya dirisha la juu: nani wewe, watoka wapi, wataka nini. Lakini pakiwa na rundo la makubadhi ya kike mbele ya kizingiti, mlango huwa wazi. Ndani kuna khitma, au arusi inapangwa, au mtu amefiwa. Anayevua viatu na kuingia akiwa amejitanda vizuri haulizwi kitu. Husogezewa nafasi mkekani na kupewa chai ya tangawizi.

Ndivyo alivyoingia kwa Bi Hind, Jumanne moja asubuhi, wiki ya tatu tangu fundi Abdullah azikwe.

Fundi Abdullah alikuwa akidarizi kanzu katika duka dogo la Ndia Kuu, na siku za mwisho, miguu ilipomvimba, cherehani yake ya kukanyaga ililetwa nyumbani. Sasa ilikuwa imesimama kwenye pembe ya chumba, imefunikwa shuka. Bi Hind alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane wa huko hatoki nje ya nyumba yake ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Alimpokea Mbeyu akidhani ni mmoja wa jamaa za wateja wa marehemu, na Mbeyu hakumsahihisha. Alitoa pole kwa maneno yanayostahili. Maneno hayo hakuyaigiza. Alikuwa amefanya kazi ya ndani kwa watu wa Kibokoni kwa miaka mingi, tangu alipotoka kwao Kaloleni akiwa msichana, na ingawa yeye ni Mkristo alijua kufariji mfiwa kama alivyojua kupika pilau.

Wageni wengine walipoaga, alibaki. Aliitazama ile shuka kwenye pembe, akamtazama Bi Hind anavyokwepa kuitazama.

"Mama," alisema taratibu, "kitu kile kikikaa pale, hutapona."

Bi Hind alilia. Mbeyu alingoja amalize, ndipo akafungua mkoba. Kampuni yake ilikuwa ikiuza cherehani za umeme nyumba kwa nyumba, kwa malipo ya kila mwezi, na iliipokea cherehani kuukuu kuwa malipo ya kwanza. Bi Hind alitia sahihi, akapewa nakala yake. Kabla ya alasiri wachukuzi wawili walishateremsha ngazini cherehani ya marehemu na kuacha boksi jipya mahali pake.

Mbeyu alirudi ofisini amechoka lakini mwepesi wa moyo. Alikuwa katika miezi ya majaribio. Wateja wake wawili walikuwa wameshavunja mikataba, na Kenneth, msimamizi wao, alimwambia wazi kwamba wa tatu akivunja, naye Mbeyu kazi hana. Mbeyu alikuwa na chumba Bondeni, chumba kimoja cha kupanga, chenye mlango na ufunguo wake mwenyewe. Miaka yote ya Kibokoni alilala kwenye godoro ujiani, kati ya jiko na stoo, na kila aliyeamka kunywa maji alimruka. Kupoteza kazi hii kulikuwa na maana moja tu kwake: kurudi ujiani.

Wauzaji wote wa ofisi ile waliijua sheria, na waliijua vizuri kuliko wateja. Mtu akiuziwa kitu nyumbani kwake ana siku kumi za kughairi, tangu apewe nakala ya mkataba, wala hadaiwi sababu. Kwa hiyo Kenneth aliwafundisha namna ya kuzipitisha siku hizo. Namba usiyoijua usiipokee. Mtaa uliouza usiukanyage. Mteja akikupata kwa bahati mbaya, mwambie mambo ya kughairi hushughulikiwa ofisini, aje mwenyewe.

"Huyu hawezi kuja," Mbeyu alimwambia. "Yuko eda." Akamweleza eda ni nini.

Kenneth, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu Mombasa, alisikiliza kwa makini. Akaitikia kwa kichwa. "Basi hatakuja," alisema, akaendelea na kazi yake.

Salamu za kwanza zilimkuta Makadara, siku ya tatu. Mwanakuu, jirani wa Bi Hind, ana meza yake ya viazi karai karibu na stendi ya tuktuk. Alimwona Mbeyu akipita, akamwita, kijiko cha ukwaju mkononi.

"Ewe wa cherehani. Bi Hind akusalimu sana."

"Zimefika," Mbeyu alijibu.

Jibu lilitoka lenyewe. Nyumba aliyokulia kazini walikuwa wakisema salamu ni amana: aliyepewa akizikalia ana dhima, na anayefikishiwa hana budi kukiri kwamba zimemfika, ili mbebaji atue. Mbeyu alikuwa amelijibu neno hilo mara nyingi mno hata ulimi haukumuuliza tena.

"Asema lile boksi lenu hakulifungua," Mwanakuu aliendelea, akimtilia mteja viazi kwenye karatasi. "Ndooni mulichukue, mumrudishie ya mumewe. Asema miguu minne ya cherehani imeacha alama sakafuni, na kila akipita yuwazikanyaga. Nikakupigia simu mwenyewe, hukushika. Yeye hana simu, ile ya nyumba wana wa marehemu wameichukua."

Mbeyu alisema kwamba mambo hayo ni ya ofisini. Mwanakuu akamgeukia, kijiko kikidondosha ukwaju mezani.

"Mimi nimetumwa kwako," alisema. "Ofisi siijui."

Kuanzia siku hiyo Mbeyu alianza kuzunguka. Kutoka Bondeni hakupita tena Makadara, alipita nyuma, njia ndefu yenye jua. Lakini mtu aliyefungiwa na eda hana kazi nyingi mchana, na dirisha la Bi Hind linatazamana na madirisha mengine matano. Neno lililoingia dirisha moja lilitokea la pili, likashuka barazani, likapanda tuktuk.

Dzoro ndiye aliyelileta Bondeni. Yeye na Mbeyu wanapanga ploti moja, na wote ni watu wa Kaloleni, kwa hiyo humtania apendavyo. Alimkuta akianua nguo uani.

"Dada, tangu lini una shoga Mwarabu? Nina salamu zako, nimezibeba tangu Forodhani, shingo yaniuma."

"Hujaniona, Dzoro."

"Nimekuona. Bi Hind akusalimu, na ile cherehani mpya haitaki." Akajisugua shingo. "Haya. Mimi nimetua."

"Nimekwambia hujaniona."

Dzoro aliacha kucheka. Alimuuliza kama ameiba. Mbeyu akasema hapana, ni mkataba, watu hutia sahihi kisha hubadili nia. Dzoro alisema kama ni hivyo tu, haoni kwa nini anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Zilimfika tena dukani, pamoja na mkate aliokwenda kununua. Mwenye duka, mzee asiyemjua hata jina, alimuuliza kama ndiye yule msichana wa cherehani, akamfikishia. Safari hii Mbeyu hakujibu kitu. Alitoka, na mzee akamwita nyuma yake, bila hasira, amwambie kama zimefika. Hakugeuka. Chumbani alifunga mlango kwa ufunguo akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza chumba kile hakikumpa raha. Aliyahesabu maneno yake kama mtu anayejitetea. Hakumdanganya mama yule. Hakumlazimisha. Aliona jeraha akaweka kidole, basi. Na kuona jeraha ndiyo kazi.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi Kenneth alimtuma apeleke risiti kwa mteja wa Mji wa Kale, na njia ya kufika kwake ilikuwa moja, chini ya dirisha la Bi Hind. Mbeyu aliomba atumwe mwingine. Kenneth alimuuliza kama anaumwa, na jinsi alivyouliza ilimfanya achukue ile risiti.

Alipita saa ya watu kujiandaa kwa sala, akitumaini kichochoro kitakuwa na pirikapirika. Kilikuwa kitupu. Alitembea ameinamisha kichwa, amejitanda hadi kwenye nyusi, akisikia viatu vyake tu. Chini ya dirisha aliona kivuli kikisogea nyuma ya vibao vya mbao. Mwanamke wa eda hapandishi sauti yake ikasikika njiani, hasa saa ile, na Bi Hind hakuipandisha.

"Mwanangu," alisema, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Mbeyu alisikia. Hatua moja ilikaribia kusimama. Kisha nyingine ikafuata, na nyingine, mpaka kona.

Jumamosi pikapu ilikuja kuchukua cherehani kuukuu. Mnunuzi wao alikuwa wa bara, aliyezing'oa vyuma na kuuza mbao mbali. Zilipangwa sita kwenye ukumbi wa ofisi, zimefungwa kamba, na ya fundi Abdullah ilikuwa ya tatu, bado na uzi mweupe kwenye sindano. Wachukuzi walikuwa wameshateremsha mbili alipoingia mwanamume mrefu wa makamo, kofia imemkaa sawa, jasho limemlowesha kanzu mgongoni. Alitoa salamu kwa wote, akajitambulisha kuwa Awadh, kaka yake Hind. Alikuwa Lamu kwa biashara. Dada yake aliona haya kumwambia mwanamume jambo hilo, na yeye amelisikia asubuhi hii, kwa Mwanakuu.

"Nimekuja kuchukua cherehani ya shemeji yangu," alisema. "Boksi lenu liko chini kwenye mkokoteni, halikufunguliwa."

Kenneth alimpa kiti. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilimtisha Mbeyu kuliko ukali. Alieleza kwamba siku kumi zilikwisha jana, kwamba anasikitika kwa msiba, na kwamba mkono wake umefungwa.

"Dada yangu alighairi kabla ya jana."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo. Nimemuuliza wakili kabla sijapanda ngazi hizi. Sheria haikutaja barua. Mtu aweza kughairi kwa njia yoyote, madhali imeeleweka."

"Naijua sheria, bwana Awadh," Kenneth alisema. "Lakini mdomo wake ulisema na nani? Hapa ofisini hakuja. Simu hakupiga. Kama alisema na majirani zake, majirani si sisi."

Ngazini wachukuzi walisikika wakirudi, wakapita kati yao, wakainamia cherehani ya tatu. Mmoja aliikamata kwenye gurudumu. Gurudumu likazunguka kidogo na sindano ikapanda, ikashuka.

"Ngojeni," Awadh aliwaambia. Kisha akageuka. Alikuwa hajamtazama Mbeyu tangu aingie, na hata sasa alimtazama mikono tu, kama ilivyo desturi ya watu wake kwa mwanamke asiye wao. "Dada yangu asema aliwatuma watu kwa huyu. Mimi sitaki kumtia katika makosa. Nina swali moja."

"Mbeyu ni mwajiriwa wetu," Kenneth alisema. Alimkazia Mbeyu macho. "Na anajua utaratibu. Mbeyu, kuna notisi yoyote uliyopokea?"

Lilikuwa swali zuri, lililochongwa. Notisi hakupokea. Hakuna aliyempa kitu kiitwacho notisi. Angeweza kusema hapana na asiwe amesema uongo, na jioni akafungua mlango wake kwa ufunguo wake. Wachukuzi walisimama na mzigo nusu hewani, wakimtazama kama watu wanaongoja kuambiwa tu waende au waweke.

"Sijauliza hilo," Awadh alisema. "Binti, salamu za Hind zilikufika?"

Mbeyu alisikia jibu likipanda kabla hajaamua, kama lilivyopanda kule Makadara. Safari hii alilishika kwanza. Alilishika muda mrefu, hata Kenneth akaanza kufunga faili.

"Zimefika," alisema. "Za Mwanakuu zilifika siku ya tatu. Za Dzoro zikafika. Za mwenye duka zilifika, sikumjibu. Zote zilisema hataki cherehani mpya, arudishiwe ya mumewe." Aliutazama uzi mweupe kwenye sindano. "Na jana aliniita mwenyewe. Nilisikia."

Kenneth aliiweka kalamu mezani, akaisogeza ikae sambamba na faili. Kisha akawaambia wachukuzi waiweke chini ile ya tatu.

Alisubiri Awadh ateremke kuita watu wa mkokoteni. "Mkoba ni wa kampuni," alimwambia Mbeyu. "Na kitambulisho." Hakumkaripia. Mbeyu alitoa vitu vyake kimoja kimoja: kanga, chupa ya maji, ufunguo. Akauacha mkoba juu ya kiti.

Vichochoro vya kule vina mashimo, na cherehani ya kukanyaga ni nzito juu kuliko chini. Mkokoteni ulipoyumba mara ya kwanza, Mbeyu, aliyekuwa nyuma akienda zake, aliishika isianguke. Ulipoyumba mara ya pili alikuwa bado ameishika. Awadh hakumwambia aache wala aendelee. Wakaenda hivyo mpaka Mji wa Kale, kupita meza ya Mwanakuu, ambaye aliwatazama, kijiko mkononi.

Mlangoni kwa Bi Hind palikuwa na makubadhi manne ya kike. Wachukuzi waliiinua cherehani wakapanda nayo, Awadh mbele akitoa sauti ili wanawake wajisitiri. Mbeyu alibaki nje, mgongo ukutani. Kodi ya chumba ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hakujua.

Juu, cherehani ilisikika ikiburutwa kidogo, ikisimama, ikiburutwa tena, kama inatafutiwa alama zake. Kisha sauti ya Bi Hind, ndogo kama ya jana, ikimuuliza kaka yake nani aliyeko chini.

"Ni yule msichana," Awadh alijibu.

Mbeyu aliushika ufunguo ndani ya ngumi yake.

"Mwambie apande," Bi Hind alisema. "Nina neno naye."

Halikusikika kama neno la shukrani, wala la hasira. Mbeyu aliinama akavua viatu. Mara ya kwanza alivichanganya haraka katika rundo. Leo aliviweka kando, mahali ambapo kila anayetazama chini angeona ni vya nani, akapanda ngazi.