Kitambaa cha Meza cha Mama Ngalula

Mwanangu, mimi bibi yako iko siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia harufu ya pasi ya makaa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nafagia wodi ya wazazi katika hospitali ya kambi ya wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Masista walitangaza kwamba msichana mmoja atapelekwa Ubelgiji kusomea ukunga. Mmoja tu, kwa kambi zote! Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote, maana mama yangu alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na kilio chake nilikuwa nakijua.

Mtihani nilifaulu, ikabaki ziara. Ninyi mnajaza karatasi tu, sisi tulitembelewa. Alikuja madamu wa Kizungu kuangalia kama nyumba yenu ina ustaarabu: meza, uma, visu, choo safi. Basi kambini tulikuwa na desturi yetu. Mama Ngalula, jirani aliyetoka Kasai kama wazazi wangu, alikuwa na kitambaa cheupe cha meza kilichotariziwa ndege wa buluu, pamoja na sahani sita. Madamu akitoka kwa watu kwa mlango wa mbele, kitambaa na sahani vinapitia uani na kumtangulia nyumba inayofuata. Mtaa mzima ulikuwa na meza moja nzuri, na meza yenyewe ilikuwa na mbio.

Asubuhi ile madamu alianzia kwa Kapinga, mwenzangu wa wodini aliyeomba nafasi ileile. Kitambaa kikaja kwetu, mama akakitandika, akaficha bukari, ugali wetu, jikoni. Madamu akaketi, akanywa chai, kisha akainua pembe ya kitambaa. Palikuwa na alama ya kuungua, ncha ya pasi kabisa, ileile aliyotoka kuiona kwa Kapinga. Akaitazama alama, akanitazama mimi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Aliandika, akaenda zake.

Mimi na Kapinga tulifutwa wote wawili, na nafasi ikaenda kwa msichana wa kambi ya Tenke. Nikanuna. Wodini sikurudi, na masomo ya jioni nikayaacha. Miezi minne nilikaa nikimlaumu madamu, pasi, na Mama Ngalula wa watu aliyetusaidia kwa moyo mweupe.

Siku moja akaja tata Mulumba, kaka mkubwa wa baba, mfua vyuma katika karakana. Alikaa kizingitini na mikono yake yenye masizi.

“Kitambala ilikuangusha?” aliniuliza.

“Ndiyo, tata.”

“Hapana. Ulikuwa na haya ya meza ya mama yako, ile haya njo ilikuangusha. Unataka kujifunza kuzalisha bamama. Sasa uniambie, batoto banazaliwaka juu ya kitambala ya meza?”

Mama aliangua kicheko huko jikoni. Mimi nililia. Tata Mulumba akaningoja nimalize, kisha akasema kwamba kazini kwake koleo huvunjika kila mara, na hajawahi kumwona mhunzi akienda kulala kwa sababu hiyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Kesho yake nilichukua ufagio wangu nikarudi wodini.

Usidhani mambo yalininyookea. Mwaka uliofuata nilianguka mtihani wa Kifaransa, kwa sababu ya ile miezi niliyoitupa kwa kununa. Kapinga alichoka, akaolewa, na simlaumu. Mimi nilirudia tena, na mwaka wa tatu nikafaulu. Madamu yuleyule akaja.

Safari hii nilimwomba mama asiazime chochote. Alisita, maskini, lakini alikubali. Tukaweka meza yetu yenye mguu uliofungwa waya, beseni la kunawa, bukari na sombe ya majani ya muhogo. Madamu akanawa, akamega vibaya, tonge likamdondokea kwenye sketi. Mama akamfuta kwa pembe ya kikwembe chake, kama anavyomfuta mtoto. Wote tukacheka.

“Mama,” madamu akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, “leo njo nafika kwenu.”

Nafasi nilipewa. Nilipanda treni ya kwenda Dilolo, nipite Angola hadi kwenye meli. Kituoni Mama Ngalula akanikabidhi kile kitambaa cha ndege wa buluu. Nilikipokea kwa mikono miwili, maana sasa nimepewa, sikuazima.

Nimekueleza yote haya kwa sababu juzi karatasi zako za masomo ya Ulaya zimerudi mara ya pili, na umeniambia yupo mtu atakayekutengenezea buletini, ripoti ya shule ya uongo, yenye alama nzuri. Najua unavyoumia, mwanangu. Nimekusikia ukilia chumbani, na moyo wangu ulilia nawe. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Peleka alama zako mwenyewe, hata zikiwa na mguu uliofungwa waya. Zikirudi, soma pale ulipopungukiwa, uzipeleke tena. Nuna siku moja ukitaka. Miezi minne ni mingi, mimi niliilipa kwa mwaka mzima.

Kitambaa kimo kabatini. Kifungue ukione, pamoja na ile alama ya pasi. Siku mama yako alipokuzaa, mimi ndiye mkunga niliyekupokea, nikakosa nguo safi karibu, nikakufunga humo. Tata Mulumba angekuwa hai angenicheka sana.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyenifungulia mlango mara ya tatu akufungulie na wewe, na popote utakapoketi kula, usiionee haya meza uliyotoka.