Kabati Lililojilipia Nauli

"Hivi Grasiana, umeolewa na hilo kabati?"

Aliyeuliza ni Josefina, amesimama mlangoni kwa jirani yake na ungo wa mchicha mkononi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Chumba cha Grasiana kilikuwa kimoja tu, kama vyumba vyetu vyote pale kambini Ngombezi, na kabati lilikuwa limekishika chote. Kitanda kilisogezwa mpaka kikagusa kizingiti, jiko likahamia nje, na mwenye chumba alikuwa anaingia kwa ubavu kama mtu anayepita katikati ya mikonge asichomwe.

"Angalau hili halikoromi," Grasiana akamjibu. "Pita mwenzangu, tunywe chai."

Akafungua mlango wa kabati, akatoa vikombe. Droo ya juu ikatoa sukari, ya chini ikatoa mkate. Mahali pengine pa kuweka vitu hapakuwepo.

Wazazi wa Grasiana walitoka Songea enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, wakaja kukata mkonge, na kwao hawakurudi tena. Yeye alizaliwa hapo hapo kambini, akaolewa hapo na Yordani, na Yordani alipofariki alimwacha akianika katani juani, kazi ya kuinama na kuinuka kutwa nzima. Mgongo ukamshinda. Baadhi ya mameneja wa zamani walipoondoka mashambani walikuwa wanauza vyombo vyao, na Grasiana akaanza kununua kidogo kidogo: leo kiti, kesho meza yenye mguu mmoja mbovu. Fundi Kaleb anaugonga mguu, Grasiana anaipakia meza kwenye lori, na huko Handeni kuna mtu anaisubiri. Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vipya vya ujamaa. Nyumba mpya zinajengwa, na mtu akishajenga anataka pa kukalia. Mungu humfungulia mja wake mlango, na Grasiana alifunguliwa huo.

Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, milango miwili, kioo kirefu mlango wa kulia, droo mbili chini. Liliagizwa na Mzee Mhina wa Kwaluguru, ambaye ni ndugu yangu upande wa mama. Binti yake Zamda alikuwa anaolewa, na baba alitaka aingie kwake na kabati. Grasiana alimpa neno lake kwamba siku ya harusi litakuwa ndani. Mzee Mhina akawatangazia wakwe, wakwe wakatangazia kijiji kizima.

Halafu mafuta ya gari yakapanda bei. Mwaka ule wa sabini na nne kila mtu aliyesafiri anaukumbuka. Kila ukienda stendi Korogwe unakuta nauli ya jana imekufa na kuzikwa. Grasiana alimfuata Mbaruku, dereva wa lori la Handeni, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye siku zote alimbebea viti vyake bila maneno mengi. Mbaruku akaja mpaka kambini kuliona kabati. Akalizunguka upande mmoja, upande wa pili akashindwa kupita.

"Hili sio kabati, mama. Hii ni nyumba," akasema.

"Niambie bei yako, baba."

Akaitaja. Josefina aliyekuwa anasikiliza akaketi chini.

"Mbaruku, hiyo si karibu sawa na bei niliyolinunulia?"

"Mimi sipimi kilo, mama yangu. Mimi nauza nafasi. Hapo lilipokaa hili dude, wangekaa abiria wanane na kuku wao. Ukishalipa nafasi ni yako, lala hapo, cheza ngoma hapo, mimi sikuulizi. Lakini ulipe."

Ndipo kazi ilipoanza. Kulipa nauli ile kulikuwa sawa na kumpa Mzee Mhina kabati la bure, na mtaji wote kwisha. Kutolipeleka kulikuwa kubaya zaidi. Nani huko Handeni angemwagiza tena hata kigoda, baada ya kumwaibisha bibi harusi mbele ya wakwe? Na bila Handeni, palibaki kule kwenye katani tu, juani, na mgongo ule.

Fundi Kaleb aliitwa alifungue vipande vipande lipate kulala. Akaligonga, akalinusa, akapitisha kucha kwenye pembe.

"Aliyelitengeneza hakutaka lifunguliwe," akasema. "Nikilifungua utapata kuni nzuri sana."

Vijana wa kambini wakajaribu kulifunga juu ya baiskeli mbili. Zilikwenda mpaka kwenye bomba la maji, baiskeli moja ikaamua kwenda kushoto na nyingine kulia. Kabati halikuumia, alhamdulillahi, lakini tulicheka mpaka Grasiana mwenyewe akajifuta machozi kwa khanga. Likarudishwa ndani. Kitanda kikarudi kwenye kizingiti.

Siku mbili hivi baadaye nilipita kwake natoka mjini. Nilikuwa nimechoka na nina huzuni kidogo, nikamweleza. Msikiti wa Kwaluguru una saa ya ukutani, ya kugonga, waliyopewa zamani na mfanyabiashara mmoja. Ilikuwa imeharibika, ikaletwa Korogwe kwa fundi, ikapona. Lakini kule kurudi ndiko kulikoshindikana. Barabara ya Handeni unaijua. Kitu chenye kioo ukikitia kwenye lori, kinafika unga. Wazee walikuwa wamenituma niwaulizie mtu wa kuishika mapajani safari nzima, na hakuna aliyekubali.

Grasiana alikuwa ananimiminia chai. Akatua birika. Akakitazama kikombe alichokitoa kabatini muda uleule, akalitazama kabati.

"Mama Swaumu," akaniambia, "tulipoanguka na zile baiskeli, vikombe vyangu vilikuwa humu ndani. Nilisahau kuvitoa."

"Vikavunjika?"

"Si ndicho hicho unachonywea, kizima?"

Kesho yake alivaa khanga yake nzuri, akaenda mjini Korogwe, duka kwa duka. Hakuwa anauza kitu. Alikuwa anauliza swali moja: ni mzigo gani wa Handeni unaokuvunjikia njiani? Wenye maduka walikuwa kama wagonjwa waliokutana na mganga. Mmoja alikuwa na vioo vya taa za chemli vya Mzee Athuman wa Handeni mjini, ambavyo kila vikienda nusu vinakufa. Mwingine ana chupa za chai. Mwingine sahani za udongo, za harusi nyingine kabisa. Grasiana akawaambia vyote atavibeba yeye ndani ya kabati la mninga, kila mmoja atoe senti kidogo. Walikuwa wanatoa zaidi kwa vioo vilivyovunjika, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Kazi ya kupakia tuliifanya sote. Kiwandani kulikuwa na nyuzi fupi za katani zinazotupwa, tukaomba, tukapewa magunia. Kila kioo kikavishwa nyuzi kama mtoto mchanga. Saa ya msikiti niliifunga mimi mwenyewe kwa bismillahi, tukaisimamisha katikati. Milango ikafungwa, ikazungushiwa kamba. Josefina akagonga mlango.

"Hodi humo ndani. Mumeo ameshiba leo, Grasiana."

Lori lilipokuja, wanaume sita walinyanyua kabati kwa shida. Mbaruku akakunja uso.

"Mbona zito? Juzi halikuwa hivi."

"Lina vitu ndani, baba."

"Vitu vya nani?"

"Vya watu."

"Ala. Basi na hivyo vilipiwe."

Grasiana hakupandisha sauti. Hajawahi kuwa mtu wa kelele. "Mwanangu Mbaruku, hupimi kilo, unauza nafasi. Ulisema nikishalipa, nilale hapo, nicheze ngoma hapo, hutaniuliza. Josefina huyu hapa alisikia."

"Nilisikia," Josefina akasema. "Na nilikuwa nimekaa chini."

Abiria juu ya lori wakaanza kucheka. Mbaruku akahesabu nauli aliyowekewa mkononi. Ilikuwa kamili, na Grasiana alikuwa hajagusa senti yake. Zote zilitoka kwa wenye maduka.

Mimi nilikuwa kwenye lori hilo, nakwenda harusini. Tulipoingia shimo la kwanza nje ya Korogwe, ndani ya kabati kukasikika, "Ngo." Abiria wakatazamana. Shimo la pili, "Ngo, ngo." Mzee mmoja mwenye mbuzi akasogea mbali na kabati kadiri lori lilivyomruhusu.

"Kuna mtu humo?" akauliza.

"Ni saa ya msikiti, mzee wangu," nikamwambia. "Inaonyesha mashimo."

Basi ikawa ndio mchezo wa safari. Kila shimo watu wanahesabu kwa pamoja. Penye kilima ikagonga kumi na saba, mwanamke mmoja akasema sasa tumeshapita kesho. Hata Mbaruku alianza kuyafuata mashimo makusudi, na sauti yake nyembamba ilikuwa inatoka dirishani, "Hapo ngapi?" Grasiana yeye alikuwa amekaa kwenye gunia, mkono mmoja juu ya kabati, midomo inakwenda. Alikuwa anasali rozari yake, na mimi upande huu namsalia Mtume. Vilivyokuwa humo ndani vilikuwa ndio mkate wake wa miaka yote inayokuja, na hakuna aliyejua vikoje.

Handeni mjini kamba zikafunguliwa. Mzee Athuman alitoka dukani na miwani yake, akavua nyuzi kioo cha kwanza, cha pili, akaendelea kimoja kimoja. Sisi tumesimama. Alipofika cha mwisho akakishika juani.

"Bibi," akamwambia Grasiana, "safari ijayo nitaagiza mara mbili."

Kilichovunjika ni mkono wa kikombe kimoja, na kikombe kilikuwa cha Grasiana mwenyewe.

Tulifika Kwaluguru jua linaelekea kuzama, mkesha wa harusi. Nyumba ya bwana harusi ilikuwa mpya, na seremala alikuwa amechelewa kutia fremu ya mlango, jambo ambalo walikuwa wamemnunia wiki nzima. Fremu ingekuwepo, kabati lisingepita. Lilipita likiacha nafasi ya kidole. Seremala akasimama pembeni amejaa kiburi kama mtu aliyepanga. Zamda hakuruhusiwa kuliona mpaka kesho yake, lakini asubuhi nilipopeleka maji nilikuta alama ya pua kwenye kioo, na sikumwambia mtu. Saa ikapandishwa ukutani. Ilihitaji kurekebishwa, maana kwa hesabu yake tulikuwa tumekaa njiani mwezi mzima.

Nauli haikushuka tena, na Grasiana akawa kila safari ananunua kabati jingine la kuuza Handeni na kulijaza vitu vya watu. Kila ilipopanda, wachuuzi wengine wa vyombo waliacha mmoja mmoja, na Grasiana akazidi kutafutwa, kwa sababu wenye maduka ndio waliokuwa wanamwuliza yeye, "Mama, kabati linaondoka lini?" Mwisho Mbaruku mwenyewe akawa anamwekea nafasi karibu na kichwa cha lori, pasipotikisika sana. Katani hajaianika tena mpaka leo.

Mwaka huu nauli imepanda mara nyingine. Jana alinikuta natoka kisimani, akanipokea ndoo, tukatembea. Nilidhani atalalamika kama sisi wote. Aliangalia nyuma kama Josefina yuko karibu, kisha akasema, "Mama Swaumu, ukisikia mahali popote wanauza kabati la milango mitatu, naomba uniambie mimi kwanza."