Utumbo wa Madamu Ulipowaka

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2015, Madamu hakunipa tupa wala rangi. Alinipa mkono wake.

"Mama Neema, shika. Unasikia nini?"

"Nasikia mkono."

Akacheka mpaka mteja akageuka.

Shule niliiachia darasa la tatu, Uvira. Lakini kazi ya kucha naijua, nimeifanya miaka minne hapa Kensington kwa huyo Madamu, mama wa Vietnam mwenye duka, na kucha niliyobandika mimi haikung'oka ovyo. Nyinyi mnaobandika leo mnakimbilia mashine. Sisi tulianza na mkono. Mtu mwenye hofu hutoka jasho viganjani, na akriliki, yaani ule unga unaokorogwa na dawa yake ukakauka kuwa kucha, haishiki penye jasho. Basi unamshika, unamwuliza habari za nyumbani, akitulia ndipo unasukuma ngozi ya kwenye shina la kucha na kupiga tupa.

Kila mkono Madamu aliupa maneno ya kwao. Bibi harusi akija: "Huyu anatetemeka kama ngawa anayekaushwa motoni." Binti anayekwenda kuhojiwa kazi Midrand: "Ameota ngozi ya kuku." Mfiwa: "Utumbo umemkatika vipande."

"Eish, Madamu, kwenu mnakula mpaka maneno!"

"Na nyinyi moyo wenu unakwenda mbio. Unakwenda wapi?"

Novemba 2018 alikuja duka bado halijafunguliwa, uso umemshuka. "Mama Neema, *nóng ruột*. Utumbo wangu unawaka. Ni Lan."

Lan ni bintiye, yuko kwao, ana mimba ya kwanza. Kwenye simu alisema yu mzima. Lakini kwao utumbo wa mama ukiwaka, mtoto yumo taabani, na mama hangoji simu ya pili. Madamu alitaka kusafiri wiki ile ile.

Mimi ndiye niliyemzuia. Desemba ndiyo mavuno yetu, daftari la wateja limejaa. "Nenda Januari. Mwenyewe amesema mzima. Hiyo ni hofu ya bibi anayengoja mjukuu wa kwanza."

"Una hakika?"

"Nimezaa saba, Madamu. Utanifundisha nini?"

Akanisikiliza.

Wiki mbili hazijaisha, simu ikalia asubuhi, ana mteja mezani. Kifafa cha mimba. Lan amekufa, na kichanga chake. Madamu alimaliza kidole alichokishika, akaweka tupa chini, akakaa sakafuni. Hata chozi halikumtoka.

Alikwenda kuzika, akarudi 2019 kufunga duka tu. Siku ya kuagana akaniambia, "Hukujua, Mama Neema. Usijilaumu." Nikaendelea kumfungashia tupa zake.

Sasa nimestaafu, nakaa Joubert Park, ghorofa ya tisa, lifti imekufa. Nina wajukuu kumi na mmoja, wa kwanza anasomea uuguzi, na kila ninayekutana naye kwenye ngazi lazima alisikie hilo. Wakiniuliza kazi ilikuwaje, nasema nzuri.

Siwaambii kwamba nilijua. Mwaka tuliokimbia Uvira, utumbo wangu uliwaka hivyo hivyo siku mbili kwa ajili ya mwanangu wa tatu aliyebaki nyuma, na haukunidanganya. Niliujua ule moto nilipomtazama Madamu. Ila niliogopa akiondoka duka litafungwa, nami nirudi kusuka watu nywele kando ya barabara. Kwa hiyo nikamwambia ni hofu tu.