Mtoto Aliyefundishwa Kutogusa

Saa moja asubuhi, Mama Povu yuko kwenye beseni la tatu. Ni mfuaji wa nguo za watu, nyumba tano kwa wiki, na leo anasugua mashati kana kwamba yamemtukana. Aliyemuudhi ni mwalimu.

Wiki iliyopita alimpeleka binti yake wa miaka sita kupimwa uelewa kabla ya kuanza shule. Mtoto hajaulizwa hata jina, mama akapewa fomu. Sakafu ya nyumba ni ya nini? Vitabu viko vingapi? Baba anafanya kazi gani?

“Machale yakanicheza. Sakafu udongo, vitabu hakuna, baba marehemu. Nikajua mwanangu keshafelishwa,” anasema huku akikamua shuka.

Majibu yakatoka: uelewa uko nyuma, aende darasa la wazito wa kuelewa. Majirani wanasema anayeingia humo hatoki.

Mtoto huyohuyo nyumbani hutenganisha vifungo vya nguo chakavu kwa rangi na idadi ya matundu! Mama Povu akarudi shuleni mbio, kanga begani.

“Mwalimu, mlimpima mtoto au mlipima sakafu yangu?”

“Fomu haina alama, mama. Nilimwekea vipande vya mbao avipange. Dakika kumi hakugusa hata kimoja. Alikalia mikono yake.”

Mama Povu anajua alikoyatoa hayo. Tangu binti anatambaa, huandamana naye kazini, na kwa watu kijiko kikipotea, wa kwanza kushukiwa ni mfuaji.

“Nilimwambia, ukiingia kwa watu, kalia mikono. Nikajisemea mchelea mwana kulia hulia yeye, nikambana kwelikweli. Kumbe nilimfunga.” Anaacha kufua, anajifuta uso kwa kiwiko. Inamuuma. “Lakini hiyo fomu, kama haina alama, wanaiulizia nini?”

Mwalimu amekubali kumpima tena Jumatatu. Jana Mama Povu aliazima bakuli la kioo kwa jirani, akaliweka mbele ya binti na kumwambia aliguse. Mtoto akamtazama usoni.

“Mama, unanitega?”

Kwa hiyo ameomba waingie wote wawili. Anataka kushika kipande cha kwanza yeye mwenyewe, mtoto aone kwamba hakuna aliyepiga kelele.