Binti Yangu Aliniambia Ni Nani Alimnyima Gari

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, kwa sababu wenye nyumba ninayoishi pia wanasoma hii page. Majina yote nimebadilisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, nina mke mmoja. Tulikaa mtaa wa Sarang'ombe hapa Nairobi muda mrefu kabla nipate kazi ya caretaker kwa ploti moja hapa Kawangware. Nafagia, nafungua maji, nagombana na wanaomwaga takataka kwa ngazi, na kwa hiyo kazi tumepewa nyumba ya kukaa. Mwenye ploti ni mzee mpole. Mke wake ni deputy, yaani naibu wa mwalimu mkuu, wa shule moja ya bweni ya wasichana, na sisi wote kwa ploti tunamwita Madam.

Kifungua mimba wetu, nitamwita Awino, alizaliwa na selimundu, ile watu huita sickle cell. Baridi ikimpata, mifupa ilimuuma hadi anang'ata blanketi ili wadogo zake wasimsikie akilia. Lakini kichwa alikuwa nacho. Ni Madam aliyemtafutia nafasi kwa shule yake, na tulimshukuru sana. Mke wangu alimpelekea kuku kutoka nyumbani kijijini.

Shule ilitaka kila msichana apimwe hospitali kabla ya kuripoti, na daktari aandike ugonjwa wowote alio nao. Tulisema yote, hatukuficha kitu. Siku ya kuripoti, nesi wa shule, mama wa makamo wa sauti ya chini, alitukalisha akatuuliza maswali hadi nikashangaa. Maumivu huanzia wapi? Huwa analala na soksi? Akampigania Awino aruhusiwe kukaa na chupa ya maji darasani na kuoga maji moto. Nilirudi nyumbani moyo umetulia.

Muhula wa kwanza alikuwa sawa. Muhula wa pili, baridi ilipochacha na mitihani ikiwa karibu, tukapigiwa simu asubuhi. Alikuwa nesi, kwa simu yake mwenyewe, akiwa tayari hospitali. "Baba Awino, kuja na mama yake. Msingoje."

Tulimkuta na oksijeni usoni. Mama yake akaitwa na daktari mambo ya damu, nikabaki naye. Awino akasogeza ile mask kidogo.

"Baba, usimkasirikie nesi," akasema. "Jana kifua kilipoanza kuniuma, alienda kwa Madam mara mbili kuomba gari. Nilikuwa nawasikia hapo mlangoni. Madam alisema wasichana wakiona mtihani wote wanaumwa. Akasema ningoje. Asubuhi nesi hakuuliza mtu, alinibeba mgongoni hadi barabarani."

Nikamwambia apumzike, tutaongea akipata nafuu. Akafunga macho. Mtoto wangu hakuamka tena.

Gari la shule ndilo lililobeba jeneza hadi nyumbani Ugenya. Madam mwenyewe alilipanga. Alikuja mazishi, akamkumbatia mke wangu wakalia pamoja, mimi nimesimama kando yao nawaangalia. Nilitaka sana kuamini kwamba yale machozi ni ya uongo. Hayakuwa ya uongo, na mpaka leo sijui nifanye nini na hilo.

Tuliporudi Nairobi tukasikia shule inachunguza. Madam ameambia bodi kwamba hakuna mtu aliyemjulisha kuna mgonjwa. Nesi amesimamishwa kazi, na wanataka leseni yake ichukuliwe.

Wiki jana nesi alikuja kwetu. Mke wangu akampa kiti na chai, lakini hakuigusa.

"Sikuja kuwaomba kitu," akasema. "Nataka tu kujua kama Awino aliongea kabla aende. Nalala nikifikiria labda aliona nimemtupa."

Nikasema, "Aliongea. Alisema tusikukasirikie."

Akajifunika uso na leso akalia. Alipotulia akaniuliza, "Hakusema lingine?"

Mke wangu, ambaye nilishamwambia yote, aliniangalia. Nikatazama chini. Nesi akangoja, kisha akasimama, akatuombea baraka na kwenda zake. Nafikiri alielewa kuna neno nimelificha.

Mlango ulipofungwa mke wangu akasema, "Baba Awino, ukiongea, vitu vyetu vitakuwa nje. Hawa watoto wawili waliobaki utawalaza wapi? Tumrudie dada yangu Sarang'ombe, kwa kile chumba chenye analala na watoto wake wote? Na Awino bado hatarudi."

Msimhukumu. Ni mama mwenye amezika, anaogopa kwa wale wamebaki. Nilimuuliza, "Na aliyembeba mgongoni?" Akainua kile kikombe cha nesi, akaenda kumwaga chai. Tangu hiyo siku tunaongea tu mambo ya chakula na watoto.

Jumapili Madam alinikuta nikiosha ngazi. Akaongea polepole, kama mtu wa familia. "Baba Awino, bodi itakuita. Sema tu huna la kusema, mambo ya marehemu tumwachie Mungu. Na huyu mdogo wa Awino akimaliza shule alipo, tutamchukua kwa shule yetu." Nikasema, "Sawa, Madam," kwa sababu nimezoea kumwambia hivyo. Alipoenda nikamwaga maji ya ndoo, ngazi nikaiacha nusu.

Bodi imeniita wiki hii. Nikisema ukweli, ni familia yangu inatoka kwa hii nyumba, na mke wangu anaweza kukosa kunisamehe. Nikinyamaza, mama wa watu atabeba kifo ambacho alijaribu kukizuia peke yake. Hayo maneno mtoto wangu aliniambia mimi tu, na alikuwa anatafuta pumzi ya kuyasema.

Wazazi mlio hapa, na manesi pia, mnielekeze. Wakiniuliza Awino alisema nini, niwajibu vipi?