Maji Aliyoogea Mkuu wa Idara

Mpaka leo nikisikia mtu anasema wanawake wa kusini hawapendi sayansi, damu inanichemka. Hatupendi! Kama tumeulizwa vile.

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara yetu ya uhandisi wa maji huko Dar es Salaam, tena Mmakonde wa Newala. Lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kosa kubwa zaidi, sijui. Chai ya wageni nilipanga mimi. Mikutanoni niliandika muhtasari mimi, eti nina mwandiko mzuri. Na kila nilipokosoa hesabu ya mtu, hakukosekana mmoja wa kuuliza kwetu tumeanza lini kuhesabu. Walicheka wote. Mimi sikucheka, ikasemwa kwamba sina utani.

Ndipo ukaja mradi wa wafadhili. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kimefunguliwa: korosho inanunuliwa na yeyote mwenye lori, mitumba imejaa soko la Masasi, na pampu za kupandishia maji Newala zimekaa kimya kwa kukosa dizeli. Maji nayo yakawa biashara, yanapita mtaani kwa baiskeli. Aliyeezeka bati alichimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akavuna mvua. Visima vingi vilivuja, na mimi nilikuwa na mchanganyiko wangu wa lipu wa kuzuia kuvuja bila kula saruji nyingi. Mwenzangu mmoja wa kiume alikuwa na mchanganyiko wake, akapangiwa Masasi. Mkuu wa idara alitutangazia kwamba atakayeleta vipimo kamili vya kiangazi ndiye atakayekwenda nje kusoma shahada ya uzamili. Nafasi ilikuwa moja.

Kisima nilichokipiga lipu kilikuwa cha mama. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: kisima kimejaa, kimefunikwa, hakuna anayechota, na kila asubuhi unatumbukiza ufito wenye alama uone kama maji yameshuka. Ugumu uko hapo kwenye kutochota. Newala, kiangazi, maji yako uani, na usiyaguse!

Mama hakuyagusa. Alirudia njia ya zamani, ile ya kuteremka ukingoni mpaka chemchemi za bondeni, na kupanda tena na ndoo kichwani huku magoti yakimuuma. Nilitaka kumnunulia maji ya baiskeli, akakataa.

"Pesa yako weka ya nauli," alisema. "Bonde mie nalijua tangu sijavunja ungo."

Majirani walimdhihaki kwamba binti yake amekwenda Dar es Salaam kusomea kumnyima mama yake maji. Aliwajibu, "Huyu anapima. Mwacheni apime."

Na vipimo vilikwenda vizuri. Ufito ulitoka na alama ileile, asubuhi baada ya asubuhi. Mkuu alipokuja kukagua kwa gari la mradi, ilikuwa imebaki wiki moja tu. Nilimpeleka uani, nikamwonyesha kifuniko, nikamweleza kwamba hapa hakuna wa kugusa maji mpaka wiki iishe. Akaitikia kwa kichwa, akasifu, akalala kwetu. Kesho yake asubuhi akanituma Masasi kwa basi, nikachukue karatasi za vipimo vya mwenzangu.

Niliporudi jioni nilikuta gari la mradi linang'aa. Chini yake kuna tope. Tope, Newala, mwezi wa kumi! Nilikimbia uani. Kifuniko kilikuwa wazi na ndoo zimelala pembeni, bado zimelowa.

Mjomba wangu alikuwa amekaa barazani, amefurahi, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno nyumbani kwa dada yake, na siku hiyo alikuwa amelisema.

"Shikamoo, Mjomba. Nani kafungua kisima?"

"Marahaba. Kafungua mie. Mgeni yule, vumbi mpaka kwenye kope, tumpe maji ya kunawa kwenye kata? Tumtie aibu mama yako?"

"Si mlijua napima?"

"Nilijua. Nikamuuliza mwenyewe, si ndiye mkubwa wako? Nikamwambia, maji yaliyopo ni haya ya binti. Akasema haidhuru, chota tu. Kaoga asubuhi, kaoga na alasiri. Dereva naye kaosha gari."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjomba nilimwelewa, na hata hivyo nilitamani kumrushia ndoo. Lakini yule mkuu alijua maana ya kipimo. Alijua! Nilimfuata ndani nikamkuta anajipaka mafuta.

"Usikasirike," aliniambia. "Huo ndio utafiti wa vijijini. Ulipaswa kuielimisha jamii yako kwanza."

Mama hakuwepo. Alikuwa bondeni, anatupandishia maji ya kupikia ugali wa huyo huyo mgeni.

Huko Dar es Salaam, mbele ya wafadhili, mkuu alisimama akasoma kwamba vipimo vya Masasi vimekamilika, na vya Newala vimeharibika kwa sababu wenyeji walichota maji. Nilikuwa nimeshika kalamu, naandika muhtasari kama kawaida. Nikaiweka mezani.

"Wenyeji hawakuchota kwa kiu yao," nilisema. "Maji yale uliyaoga wewe. Mara mbili. Na mama yangu alikuwa anateremka bondeni ili yasiguswe."

Mwenzangu alitazama viatu vyake, ingawa hadithi nzima aliijua. Mkuu alitabasamu kwa wageni, akasema, "Dada yetu ana jazba kidogo." Wakapita kwenye ajenda iliyofuata, na nafasi ikaenda kwa mwenzangu.

Uzamili nilikuja kuupata baadaye sana, kwa mlango mwingine na kwa kuchelewa, wakati mwenzangu huyo ameshakuwa mtu wa kusaini barua zangu. Watu hunishauri nisamehe. Sijasamehe, na sioni kwa nini niharakishe.

Nilikwenda Newala kumwambia mama mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anasugua goti kwa mafuta ya nazi.

"Kisima kilivuja?" aliuliza.

"Hakikuvuja, Mama."

"Na cha yule wa Masasi?"

"Kilivuja."

Akaacha kusugua, akanitazama.

"Sasa mbona kaenda yeye?"